MBA kwa njia ya butura

Niseme mapema ili tusije tukaelewana vibaya: sina ugomvi na MBA. Mimi mwenyewe naitaka, na sababu zangu nitazitaja huko mbele. Ugomvi wangu ni na namna tunavyouziwa hiyo MBA, hasa kwenye ile mikutano ya hotelini ambako shule za biashara huja "kukutana na viongozi wa kesho". Kama una shahada ya kwanza na anwani ya barua pepe, bila shaka umewahi kualikwa. Kiingilio bure. Vitafunwa vipo. Unachotakiwa ni kujaza fomu tu: jina, mwajiri, cheo, umefanya kazi miaka mingapi, na unategemea kulipa ada kwa njia gani. Hilo swali la mwisho huwekwa chini kabisa ya fomu, kama vile limeongezwa kwa bahati mbaya.

Mwezi uliopita nilihudhuria mkutano mmoja wa namna hiyo Kampala. Shule yenyewe sitaitaja. Ni ya nje ya Afrika Mashariki, na kwa hadithi za washikaji waliokwenda kwenye mikutano ya shule nyingine, mambo yanafanana sana.

Msomaji wa Dar ataniuliza: wewe Mtanzania unakwenda Kampala kutafuta nini, wakati Dar mikutano hiyo imejaa? Jibu ni ramani. Kwetu ni Murongo, wilaya ya Kyerwa, ile iliyokatwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Ukivuka daraja la mto Kagera uko Kikagati, Uganda. Kutoka Kikagati hadi Mbarara ni kilometa 70 na ushee, lami tupu. Kutoka Mbarara hadi Kampala ni kama 270. Kwenda Dar es Salaam ni zaidi ya kilometa 1,400, na sehemu ya kwanza ya safari hiyo, ile ya kutoka Murongo kuelekea Kayanga, waulize waliowahi kuipita kipindi cha mvua. Kinyambo chetu na Kinyankore chao ni ndugu wa tumbo moja, kwa hiyo hata lugha haikusumbui. Ndiyo maana watu wa kwetu wakisema "mjini" mara nyingi wanamaanisha Mbarara. Sijui Dodoma wanalionaje hilo, lakini ndivyo lilivyo.

Basi nikavaa tai, nikaenda.

Ukumbi ulikuwa mzuri, baridi ya kiyoyozi kama Kitulo. Tulikuwa vijana kama hamsini: wa benki, wa kampuni za simu, wa mashirika yasiyo ya kiserikali, mhandisi mmoja, wauguzi wawili, na mimi wa kalamu. Kahawa tuliyopewa ilikuwa ya unga wa pakiti kutoka Ulaya, katikati ya nchi inayolima kahawa kila kilima (hili nililiona kwa sababu nimekulia chini ya mibuni, huenda wengine hawakulitilia maanani). Halafu zikaanza slaidi. Picha ya majengo. Picha ya wanafunzi wa rangi zote wakicheka kwenye majani mabichi. Orodha ya makampuni ambako wahitimu wameajiriwa. Wastani wa mshahara wa mhitimu, kwa dola. Hapo ukumbi ulikaa kimya kabisa, na nilimwona jamaa aliyekaa mbele yangu akifungua kikokotoo cha simu.

Baada ya slaidi tukapangiwa mazungumzo ya ana kwa ana, dakika kumi kila mtu. Hapa ndipo penye ufundi. Mazungumzo yale yamepangwa kama usaili wa kazi. Unasubiri nje kwenye kiti, unaitwa jina, unaingia, unaulizwa: "Kwa nini sisi tukuchague wewe?" Kijana wa watu unatokwa jasho. Unajieleza, unajinadi, unataja uongozi wako wa serikali ya wanafunzi. Mwishoni ofisa udahili anafunga daftari, anatabasamu, anakuambia una sifa. Unataka kumkumbatia. Na kwa kuwa una sifa, kuna punguzo la ada kwa watakaolipa amana ya kushika nafasi ndani ya siku 14.

Nilirudi Murongo na hizo siku 14 mfukoni. Nikapita kwanza kwa shangazi yangu, ambaye kwa zaidi ya miaka ishirini amekuwa akivusha maharage na ndizi kwenda Kikagati na kurudi na bidhaa za dukani. Ana vibindo viwili, kimoja cha shilingi ya Tanzania na kingine cha shilingi ya Uganda, na bei ya kubadilisha anaijua kabla ya watu wa benki hawajafungua mlango.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Za Kampala?"

"Nzuri. Wamesema nina sifa."

"Sifa za nini?"

"Za kusoma, shangazi. Shahada ya pili, ya biashara."

Akafikiri kidogo. "Hao watu wanauza, au wananunua?"

Nikamwambia, kwa kweli wanauza. Masomo.

"Sasa kama wao ndio wanaouza, mbona wewe ndiye uliyevaa tai?"

Nimelirudia swali hilo kichwani kila siku tangu hapo. Huwezi kumpata mtu wa Murongo akaenda sokoni kununua gunia la maharage halafu akakubali kusailiwa na mwenye gunia. Atalifungua, ataingiza mkono mpaka chini aone kama ya juu na ya chini yanalingana, atauliza ni lumbesa au siyo, atatazama mizani. Lakini sisi wenye shahada, kwa bidhaa ya thamani ya gari au nyumba, tunaingia ukumbini tukiwa wanyonge na kutoka tukishukuru. Tumelelewa na mfumo wa kuchaguliwa: darasa la saba ulichaguliwa, kidato cha nne ulichaguliwa, chuo ulichaguliwa. Tumezoea kwamba shule ni kitu kinachokuchagua, na anayetuuzia analijua hilo vizuri sana.

Ningekuwa nimeishia hapo, leo nisingeandika. Kilichonifanya niandike ni kikao cha nyumbani.

Amana ile sikuwa nayo. Kaka yangu, kwa nia njema kabisa, akatoa wazo: kahawa ya kibanja iuzwe sasa hivi. Nami naijua kahawa ya kibanja chetu. Wakati huo ilikuwa ua jeupe tu juu ya matawi. Kuiuza ikiwa ua kunaitwa butura.

Kwa msomaji asiyetoka Kagera nieleze. Butura ni biashara ya kununua kahawa ikiwa bado mtini, ua au punje mbichi. Mnunuzi anakuja wakati nyumba ina shida: ada ya mtoto, hospitali, msiba. Anatazama mibuni, anakadiria, anakupa fedha taslimu leo, kwa bei ya chini mno. Msimu wa mavuno ukifika, kahawa ni yake. Bei ikipanda, faida ni yake. Wewe uliyepalilia unabeba magunia ya mtu. Serikali imepiga marufuku butura mara nyingi, viongozi wa mkoa wameikemea kwenye kila mkutano wa hadhara, na bado ipo, kwa sababu shida haisubiri msimu. Mwaka 2018 ilipoamriwa kahawa yote ipitie vyama vya msingi, mojawapo ya sababu zilizotajwa ilikuwa hiyo hiyo ya kumwondoa mlanguzi. Kilichotokea upande wetu kinajulikana: malipo ya ushirika yakichelewa, kahawa inavuka mto usiku, na ya butura inakwenda nayo.

Baba alinyamaza muda mrefu. Mzee huyu hajawahi kuuza butura hata msimu mmoja, hata mwaka ule mama alipolazwa. Mwisho akasema, "Kama ni kwa ajili ya shule, basi." Wazee wetu kwa neno shule wanafungua mlango ambao hawaufungui kwa lingine lolote. Kwa shule mtu atakubali hata kukata kipande cha kibanja, na anayejua kibanja ni nini kwa Mnyambo au Mhaya, kwamba ndipo walipozikwa babu zake, atajua ninazungumzia kitu kizito kiasi gani.

Nilikataa. Na sababu ya kukataa si kwamba napenda kahawa kuliko elimu. Niliona kwamba tungefanya butura mara mbili kwa mpigo mmoja. Tungeuza ua la kahawa ili kununua ua lingine. Maana ule mshahara wa kwenye slaidi ni nini kama si ua? Ni matunda ya mti wa mtu mwingine, yaliyopigwa picha wakati wa mavuno, ukaonyeshwa wewe mwenye mche.

Na utaratibu wa butura ya akili upo tayari, tena rasmi kabisa. Ipo kampuni inaitwa Prodigy Finance, iliyoanzishwa mwaka 2007 na wahitimu wa INSEAD, shule maarufu ya Fontainebleau, Ufaransa. Inawakopesha wanafunzi wa kimataifa wa shule za biashara bila kudai nyumba wala mdhamini; inaangalia unatarajiwa kuja kupata kiasi gani ukimaliza. Sisemi ni wabaya. Wapo Waafrika wengi ambao wasingekanyaga shule hizo bila mkopo wa namna hiyo, na benki zetu zisingewapa hata nauli. Nasema tu kwamba mnunuzi wa butura naye huangalia mibuni, hataki mdhamini. Tofauti kubwa ni kwamba mnunuzi wa butura mvua ya mawe ikipiga anaweza kula hasara yeye, lakini kwenye mkopo huu ukikosa kazi, deni linabaki lako. Kwa maana hiyo butura ina nafuu!

Tupige hesabu kidogo, hesabu ya kufikirika, kila mtu aweke namba zake. Tuseme ada ya mwaka mmoja ni dola 20,000. Kwa shilingi 2,500 kwa dola hiyo ni milioni 50. Tuseme mshahara wako wa sasa ni 1,200,000 kwa mwezi, na unaacha kazi mwaka mzima: umepoteza milioni 14 na laki nne. Jumla milioni 64 na laki nne, kabla ya chakula, pango, nauli, viza, na mtihani wa GMAT ambao peke yake unakaribia dola 300 (ukifeli unalipa tena). Sasa tuseme umerudi, umepata kazi nzuri, na nyongeza inayobaki mkononi ni 800,000 kila mwezi. Ukiielekeza yote kwenye kurudisha gharama, bila riba hata senti, itakuchukua miezi 80 na nusu. Karibu miaka saba. Na wengi wetu tuna mgeni mwingine kwenye hati ya mshahara: Bodi ya Mikopo. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2016 makato ni asilimia 15 ya mshahara, badala ya 8 ya zamani. Ile tozo ya asilimia 6 ya kutunza thamani iliondolewa mwaka 2021, tunashukuru, lakini 15 ni 15, na mshahara ukipanda nayo inapanda.

Je, kwenye ukumbi ule wa Kampala kuna aliyetuonyesha hesabu hii? Hakuna. Jambo la ajabu ni kwamba hii ndiyo hesabu ya kwanza utakayofundishwa ukishalipa. Somo la fedha, wiki za mwanzo: thamani ya shilingi ya leo na shilingi ya kesho. Shule inayouza elimu ya kupima uwekezaji haikutaka tuupime uwekezaji wa kwanza kabisa.

Wapo waliokwisha kulipima jambo hili kutoka ndani. Mwaka 2002 Jeffrey Pfeffer, profesa wa shule ya biashara ya Stanford, pamoja na Christina Fong, waliandika makala iliyowaudhi wenzao wengi. Walipekua tafiti zilizokuwepo wakaona ushahidi ni haba kwamba kuwa na MBA, au kupata alama nzuri kwenye MBA, kunahusiana na mafanikio ya mtu kazini, ukiziweka pembeni shule chache za juu kabisa. Miaka miwili baadaye Henry Mintzberg wa Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, akatoa kitabu kizima akisema MBA inawafundisha watu wasiofaa, kwa njia zisizofaa: huwezi kumfanya mtu kuwa meneja kwa kumkalisha darasani kabla hajawahi kusimamia chochote. Wamejibiwa, wamepingwa, shule nyingi zimebadilisha mitaala. Lakini ni jambo la kutafakari kwamba maswali magumu kuhusu MBA yameulizwa na maprofesa wanaoishi nayo, wakati sisi tunaotakiwa kulipa tunauliza kama hosteli zina intaneti.

Nimesema nitataja kwa nini bado naitaka. Ni kwa sababu nimechoka kuandika habari za uchumi nisizozielewa. Mkutano na waandishi ukifanyika, ofisa wa kampuni anasoma faida ya nusu mwaka, nasi tunanakili kama imla. Nani kati yetu anaweza kuchukua mizania akasema hapa pana kitu kimefichwa? Kahawa ya Kagera inaandikwa kila msimu kwa sentensi zile zile: wakulima walalamikia bei, mkuu wa wilaya aagiza. Kwa nini ushirika unachelewa kulipa wakati mnunuzi binafsi upande wa pili ana fedha taslimu? Mtaji wa msimu unakopwa wapi, kwa riba gani, na nani anaibeba? Hayo ni maswali ya mtu aliyesoma fedha. Nataka kuwa huyo mtu.

Na nikiangalia Murongo naona darasa lote lipo. Karne ya 19, kabla hata ya huo mpaka, wafanyabiashara wa pwani walikuwa na kituo Kafuro, Karagwe, njiani kwenda Buganda. Stanley alipopita mwaka 1876 alimkuta huko mzee Hamed Ibrahim amekwisha kuwa mwenyeji. Leo kuna mto mmoja, nchi mbili, sarafu mbili, sera mbili za zao moja. Kuna madini ya bati ya Kyerwa. Kuna soko la kimkakati la mpakani ambalo ujenzi wake ulikwama miaka mingi huku akina mama wakiuza chini. Kuna mtambo wa umeme wa Kikagati-Murongo, megawati 14, ambao Rais Samia Suluhu Hassan na Rais Yoweri Museveni waliuzindua mwaka 2023, na umeme wake unagawanywa nusu kwa nusu. Nani alikaa mezani kuyapatanisha makubaliano hayo? Bei ilipangwaje? Shule ya Harvard, ambayo ilianza kutoa MBA mwaka 1908, imejenga jina lake kwa kufundisha kwa visa vya kweli vya makampuni, na visa hivyo vinauzwa kwa shule za dunia nzima. Nilimuuliza ofisa udahili: katika visa mnavyofundisha, vingapi ni vya Afrika Mashariki? Akasema ni swali zuri sana. Akaniuliza kama nina swali lingine.

Nilikuwa nalo. Niliuliza kama shahada yao inatambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU. Ndugu yangu, hili usilipuuze. Shahada ya nje ukirudi nayo, mwajiri wa serikali atataka itambuliwe na TCU, na kuna watu wamelia kwa kuchelewa kuuliza. Alisema shule ina ithibati ya kimataifa. Sawa, lakini ipi? Zinazoheshimika zaidi kwa shule za biashara ni tatu: AACSB ya Marekani, EQUIS ya Ulaya na AMBA yenye makao London. AMBA, kwa mfano, inataka wanaodahiliwa wawe na uzoefu wa kazi usiopungua miaka mitatu. Sasa ukimwona mtu anamdahili kijana aliyemaliza chuo juzi, tena anampa na punguzo, unajua kabisa kwamba ithibati anayoizungumzia siyo hiyo.

Kuna watakaosema, kwani lazima nje? Kweli si lazima. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina shule ya biashara, ile iliyokuwa Kitivo cha Biashara na Menejimenti mpaka mwaka 2008, na kuna MBA ya jioni kwa walio kazini. Mzumbe wana MBA. ESAMI wako Arusha. Upande wa pili wa mto kuna Makerere na shule yao ya biashara, MUBS, ambayo ina tawi hapo hapo Mbarara, na Nairobi kuna Strathmore. Chuo Kikuu Huria kina kituo Bukoba, unasoma ukiwa na kazi yako na kibanja chako. Kila Julai TCU huwaweka vyuo pamoja kwenye maonyesho ya Mnazi Mmoja, Dar es Salaam, na pale angalau unapita meza hadi meza kama mtu aliye sokoni, unalinganisha, hakuna anayekuita jina kutoka kwenye kiti. Sisemi vyuo vya nyumbani ni malaika. Jioni ya Dar na foleni yake ni mtihani mwingine, na kusoma kwa masafa kumewashinda wengi. Ila ukiweka hesabu ile ya miezi 80 juu ya meza, namba zinabadilika kabisa usipoacha kazi.

Jambo moja nawapa haki watu wa ukumbi ule. Waliposema kwamba nusu ya thamani ya MBA ni watu utakaokaa nao darasani, hawakudanganya. Biashara inaendeshwa na kujuana, iwe Mumbai au Kayanga. Lakini hilo nalo lina swali lake: wanafunzi wenzangu wataishia wapi? Kama darasa zima litakwenda Dubai na London, nami nataka kufanya kazi kati ya Bukoba na Mbarara, huo mtandao utanisaidia nini zaidi ya kupeana heri ya mwaka mpya?

Kwa hiyo badala ya amana niliwatumia barua pepe. Kati ya wanafunzi wenu wa Afrika Mashariki wa miaka mitatu iliyopita, wangapi walipata kazi ndani ya miezi sita, na katika nchi gani? Wale waliorudi nyumbani wanapata wastani wa mshahara gani, wao peke yao, bila kuchanganywa na waliobaki Ulaya? Nikikosa kazi, riba ya mkopo inaanza lini? Na je, naweza kuongea na mhitimu mmoja ambaye nyinyi hamkumchagua?

Siku 14 zikapita. Kahawa ya mzee imeanza kufunga punje, itavunwa ikiwa nyekundu, na itauzwa kwa bei ya mnada itakavyokuwa, juu au chini, lakini itakuwa yetu. Jibu la barua pepe limekuja juzi. Wananishukuru kwa maswali yangu mazuri, wameambatanisha kipeperushi kile kile nilichopewa Kampala, na punguzo limesogezwa mbele mpaka mwisho wa mwezi.

Wewe uliyekwisha kuisoma, iwe Mzumbe au Manchester, niandikie: ulilipa kiasi gani kwa jumla, na ilikuchukua miezi mingapi kuirudisha hela? Nataka tarakimu, ushuhuda ninao wa kutosha kwenye kipeperushi.